Mashine ya tredi ya NBA: nlivyoitumia msimu ule Memphis waliisha kwa majeraha

Kwa ambao hamjawahi kuigusa, mashine ya tredi (tredi ni timu kubadilishana wachezaji) ni ile tovuti unachagua timu mbili au tatu za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, inakuletea majina ya wachezaji na mishahara yao, unamgusa huyu aende kule, yule aje huku, afu unabonyeza na inakwambia kama sheria za ligi zinaruhusu au hapana. Wengi wetu tulianza na ya ESPN, siku hizi wapo na Fanspo na wengine, zote bure. Sitazilinganisha moja moja hapa maana kazi yao ni ileile. Nataka kuongelea kitu kimoja ambacho nimekiona baada ya kukaa nayo usiku mwingi sana: timu yako ikiwa imejaa majeruhi, hii kitu inakusaidia wapi na inakuacha wapi.

Mimi ni mtu wa Memphis Grizzlies, tangu enzi za Zach Randolph na Marc Gasol, ile timu ya kubanana chini ya ringi. Mechi zao za nyumbani kipindi cha baridi kule Marekani huku Dar zinaanza saa kumi alfajiri, kwa hiyo ukiona mtu anaifuatilia timu hii kutoka huku ujue anaipenda kweli. Msimu wa 2022/23 tulishinda mechi 51, tukamaliza wa pili kanda ya Magharibi, Lakers wakatutoa raundi ya kwanza mechi sita, sawa, tukasema mwakani. Mwakani ndo ukaja msimu wa 2023/24.

Ngoja niwakumbushe maana bila hii hamtaelewa kwa nini nlikuwa nashinda kwenye mashine. Ja Morant, nyota wetu, ligi ilimfungia mechi 25 za mwanzo. Steven Adams, senta wetu, goti lilikuwa limemsumbua tangu Januari 2023, tukaambiwa litapona bila kupasuliwa, afu siku chache kabla ligi haijaanza Oktoba tukaambiwa hapana, anafanyiwa upasuaji na msimu wote hayupo. Brandon Clarke alikuwa amechana kano ya kisigino tangu Machi. Tukaanza kwa kufungwa mechi sita mfululizo. Ja akarudi Desemba 19 pale New Orleans tukiwa tumeshinda 6 na kufungwa 19, akafunga pointi 34 na kikapu cha ushindi muda unaisha, mimi nikapiga kelele mpaka nikaamsha nyumba nzima. Akacheza mechi tisa, tukashinda sita kati ya hizo, afu Januari mazoezini bega likachanika na msimu wake ukaishia hapo. Marcus Smart, tuliyempata kiangazi kwa kumwachia Tyus Jones na machaguo mawili ya raundi ya kwanza (haki ya kuchagua vijana wapya wanaoingia ligi), alicheza mechi 20 tu. Desmond Bane 42. Mwisho wa msimu timu ilikuwa imechezesha watu 33 tofauti, rekodi ya NBA nzima, na tukamaliza na ushindi 27.

Sasa katikati ya hayo yote, Januari ile baada ya bega la Ja, ndo nikaingia kwenye mashine.

Kitu cha kwanza inachokufundisha, na kwa hili naishukuru kabisa, ni kwamba NBA siyo kama usajili wetu wa dirisha dogo. Huku Simba au Yanga wakimtaka mtu wanakaa na klabu yake, wanakubaliana hela, mtu anakuja. NBA hununui mchezaji, unabadilishana mishahara. Ukishapita kikomo cha mishahara, ukitaka mtu wa dola milioni 20 lazima na wewe utoe mishahara inayokaribiana na hiyo, na kukaribiana huko kuna hesabu yake. Msimu ule kwa timu ambayo haijapita ile mistari ya juu ya jumla ya mishahara wanayoiita aproni, kama unatoa mshahara wa kati ya milioni 7.5 na 29, unaruhusiwa kupokea ulichotoa ukajumlisha milioni 7.5 juu. Maneno hayo nlishayasoma mara nyingi na hayakuingia kichwani hata siku moja, mpaka nlipojaribu mwenyewe kwa mkono wangu.

Nlimchukua Adams, dola milioni 12.6, nikampeleka Atlanta nikamtaka Clint Capela. Senta kwa senta, mgonjwa kwa mzima, nikaona nimemaliza tatizo. Mashine ikaniletea nyekundu. Capela alikuwa anapokea kama milioni 20.6, na 12.6 ukijumlisha 7.5 unapata 20.1. Yaani nusu milioni tu ndo imenikwamisha! Nikamuongeza Ziaire Williams, kama milioni 4.8, ikawa kijani. Nlifurahi sana siku ile jamani, ni kama nimefungua kufuli, na tangu hapo ile hesabu ya 7.5 sijawahi kuisahau. Hapo naipa alama zote, kama unataka kuelewa pesa za NBA usianze kwa kusoma, anza kwa kukosea kwenye mashine.

Ila ile kijani ndo tatizo lenyewe.

Nlimpigia mdogo wangu yuko Arusha, yeye na mimi ndo watu wa Memphis kwenye ukoo mzima, nikamwelezea tredi yangu kwa furaha. Akanisikiliza mpaka mwisho afu akaniuliza, "Sasa kaka, na mwakani huyo utamlipa na nini?" Nikakaa kimya. Maana mwakani yake Capela alikuwa na milioni 22 nyingine. Nikarudi nikafungua mishahara ya msimu wa 2024/25 nikaanza kujumlisha: Ja karibu 36.7, Bane mkataba wake mpya unaanzia milioni 34, Jaren Jackson 25, Smart 20, Adams 12.6, Clarke 12.5. Watu sita tu wameshapita milioni 140, na kikomo cha ligi nzima msimu huo kilikuja kuwa milioni 140.6. Bado hujaweka mtu wa saba, na timu inataka watu 15. Ukimtoa Adams ukamweka Capela unaongeza kama milioni 10 juu ya hapo, kisa unataka kuokoa msimu ambao Ja hachezi tena. Kuokoa nini hasa? Ufike nafasi ya kumi?

Mashine yenyewe haikuuliza hilo swali. Inaangalia leo. Tredi ikipita kwa hesabu za leo inakupa tiki, na rangi ya ile tiki ni ileile, uwe umefanya jambo la akili au umeiharibu timu miaka mitatu. Kwa timu yenye watu wazima hiyo siyo shida kubwa, ila kwa timu ya majeruhi ndo shida yote, maana majeruhi ni suala la lini. Jina la Adams kwenye orodha linakaa sawasawa na jina la mtu aliyecheza jana, milioni 12.6 ni milioni 12.6, na hakuna mahali ambapo unaona huyu atarudi Oktoba, yule wiki mbili, huyu bega lake hatujui litakuwaje. Hiyo lazima uje nayo wewe kichwani.

Afu Februari 1, 2024 Memphis wakafanya tredi yao ya kweli. Adams kwenda Houston, sisi tukapewa Victor Oladipo na machaguo matatu ya raundi ya pili.

Niseme ukweli nliumia. Adams alikuwa moyo wa ile timu, msimu wake wa mwisho kucheza kwetu alikuwa anaokota ribaundi (mipira iliyokosa kikapu) 11.5 kwa mechi, tano kati ya hizo upande wa kushambulia, hakuna mtu ligi nzima alikuwa anamfikia kwa hizo za kushambulia. Na tunampata nani? Oladipo, ambaye na yeye goti lilichanika Aprili 2023 akiwa na Miami. Mgonjwa kwa mgonjwa! Asubuhi ile nlikuwa kwenye daladala naelekea kazini nikasoma hiyo habari mara tatu.

Usiku nikarudi kwenye mashine nikaiingiza hiyo tredi kama ilivyo. Kijani, bila shaka. Lakini safari hii nikafanya alivyonifundisha mdogo wangu, nikaenda kuangalia mwaka unaofuata. Oladipo mkataba wake kama milioni 9.4 unaisha kiangazi. Adams alikuwa na mwaka mwingine mzima wa 12.6. Ukiondoa hiyo 12.6 kwenye ile hesabu yangu ya watu sita ndo unaona pumzi inarudi, unaweza ukajaza benchi bila kulipa kodi ya ligi. Na Houston nao ukiwaangalia upande wao wanaeleweka, walijua kabisa mtu hachezi mpaka msimu ujao, wakamnunua kwa bei ya mgonjwa wakiwa na subira. Kwenye ile tredi hakuna aliyepata mtu wa kucheza kesho yake. Waliuziana muda tu. Oladipo hakuwahi kutugusia mpira, timu ikamwacha.

Je ilikuwa tredi nzuri? Hapa nimebadilisha mawazo zaidi ya mara moja na nitawaambia nilipo sasa. Kwa hesabu ilikuwa sahihi. Kwa uwanjani, Houston msimu wa 2024/25 walishinda 52 wakamaliza wa pili Magharibi, Adams akacheza mechi 58, na kwenye mtoano dhidi ya Golden State ile mechi ya sita alivyosimama na Şengün, senta wao mwingine, pamoja pale chini nlijisikia vibaya kabisa, maana hiyo ndo ilikuwa picha yetu. Sisi kwa ule ushindi 27 tukapata chaguo la tisa tukamchukua Zach Edey, urefu mita 2.24, na 2024/25 tukashinda 48. Kwa hiyo kuumwa kule kulitupa senta mwingine, kijana na wa bei ndogo. Ila machaguo matatu ya raundi ya pili kwa Adams naona ni madogo, na hilo nitalisema mpaka leo. Nlitaka angalau chaguo moja la raundi ya kwanza hata lenye ulinzi mzito, yaani lenye masharti ya lini wao wanabaki nalo. Mashine nayo inakuruhusu uweke chaguo lolote unalotaka, wala haikwambii Houston wangekata simu.

Tredi ya mchezaji wetu mwingine, Xavier Tillman, kwenda Boston sina neno, mkataba ulikuwa unaisha, tukapata Lamar Stevens na machaguo mawili ya raundi ya pili, Tillman akavaa pete ya ubingwa Juni. Safi kwa wote.

Sasa vitu ambavyo ukiwa na timu ya majeruhi unavihitaji na kwenye mashine hamna, au mimi sikuviona.

Kubwa kuliko yote ni daktari. Tredi ya NBA haijaisha mpaka mchezaji apimwe afya na timu inayompokea. Februari 2025 Lakers walikubaliana na Charlotte kumchukua Mark Williams, senta, wakitoa Dalton Knecht, Cam Reddish, chaguo la raundi ya kwanza la 2031 na haki ya kubadilishana chaguo la 2030. Mishahara imekaa sawa, sheria zimekaa sawa, ukiingiza kwenye mashine inapita bila tatizo. Lakers wakampima, siku chache tu wakasema hapana, tredi ikafutwa, Knecht akarudi kuvaa jezi ya watu waliokuwa wameshamuuza. Na 2017 Cleveland walipompokea Isaiah Thomas kutoka Boston kwenye ile tredi ya kumtoa Kyrie Irving, nyonga yake ikawatia wasiwasi, Boston ikabidi waongeze chaguo la raundi ya pili ndo ikaisha. Kwa hiyo ukiwa na majeruhi wengi na unawaza kuwauza, ujue yule unayemuona ni mali kwenye skrini kuna mtu atamkunja goti kabla ya kusaini, na bei yake halisi iko hapo.

Kingine ni kwamba mara nyingi timu ya majeruhi haihitaji tredi kabisa. Kuna sheria ya shida, ukiwa na wachezaji wanne wamekosa mechi tatu au zaidi na bado watakaa nje wiki kadhaa, ligi inakuruhusu umsajili mtu wa 16 kwa muda. Memphis waliishi kwa hiyo sheria. Pia kuna watu wasio na timu. Novemba 2023 baada ya Adams kupasuliwa walimchukua Bismack Biyombo ambaye alikuwa nyumbani tu hana timu, na huyu kwetu ni ndugu, mtoto wa Lubumbashi, kule ambako Kiswahili ni cha mtaani. Akaanza mechi nyingi tu pale kati kabla hawajamwacha Januari. Hakuna aliyetoka, hakuna chaguo lililotumika. Ukishinda kwenye mashine unasahau mlango huu upo, kwa sababu mashine inajua kubadilishana tu. GG Jackson naye alitoka chaguo la 45, Vince Williams la 47, na msimu ule wa maafa ndo tukawajua. GG mechi ya mwisho na Denver alifunga 44. Ningekuwa nimemleta Capela na wazima wengine nlivyotaka Januari, hao vijana wangepata wapi dakika?

La tatu ni ule mstari wa chini kabisa, ule unaoonyesha imebaki nafasi kiasi gani kabla ya aproni, kama mashine yako inao usiuruke. Angalia kilichowapata Dallas 2025. Wamempeleka nyota wao Luka Dončić Lakers, wakampata Anthony Davis, akaumia mechi yake ya kwanza tu, Machi 3 Kyrie, ambaye sasa alikuwa kwao, akachana goti, masenta wao Lively na Gafford nao nje. Timu inahitaji watu nane wazima kuingia uwanjani, na wao walikuwa wamebakiza kama dola 51,000 kabla ya kugonga dari ambalo hawaruhusiwi kulivuka, hela ambayo haitoshi kumsajili mtu hata kwa mshahara wa chini. Tredi zao zote zilikuwa halali. Ila walijaza ndoo mpaka juu, na majeraha hayakusubiri wapate nafasi. Tangu niione hiyo, kila tredi nnayojaribu naacha kwanza pengo la mishahara ya watu wawili wa dharura, isipotosha naifuta hata kama ni ya kijani na ni tamu kiasi gani.

Matumizi yenyewe: kwenye simu inasumbua, majina ni mengi na vidole vyetu ni vinene, unamgusa Kennard anahama Konchar. Geuza simu iwe ya kulala, inasaidia. Matangazo yanakula bando, mimi siku ya mwisho ya tredi 2024 bando liliniishia saa nne na nusu usiku na mtandao wangu ukagoma kupokea malipo mpaka dirisha likafungwa, kwa hiyo nunua mapema. Dirisha linafungwa saa tisa mchana saa za New York, huku kwetu ni saa tano usiku, na saa mbili za mwisho ndo kila kitu kinatokea. Mishahara wanasasisha haraka, hilo nimeridhika nalo.

Naipa nyota nne. Nyota ya tano ningeitoa kama pembeni ya kila jina wangeweka kitu kidogo tu, tarehe mtu anayotegemewa kurudi na mkataba wake unaisha lini, viwe palepale kwenye mstari mmoja na mshahara bila kufungua ukurasa mwingine. Kwa sasa hiyo naifanya kwa daftari, kushoto naandika jina, katikati mshahara wa mwaka huu na wa mwakani, kulia naandika kiungo kinachouma. Ukurasa wa Memphis wa Januari 2024 bado ninao, upande wa kulia umejaa mpaka nlilazimika kuandika pembeni ya karatasi. Mdogo wangu alipokuja Dar Pasaka alikiona kile kitabu akakaa nacho jioni nzima, akachukua kalamu na akamrudisha Adams kwetu kwa Smart na chaguo moja. Tukaingiza kwenye mashine. Nyekundu.